Mchirizi Namba Saba

Hebu niambie wewe unayenisikiliza: ukifungiwa ndani ya ukuta, ukaambiwa neno moja la kinywa chako ndilo litakalokutoa, utajuaje kwamba unalisema kwa sababu ni kweli, na siyo kwa sababu umechoka kukaa ndani?

Nyemo Chilongani hakuwahi kujiuliza swali hilo mpaka siku ya thelathini na sita. Kabla ya hapo alikuwa na kazi za kumshughulisha. Ujia alimokaa ulipita katikati ya Ukuta wa Nkenzi, ukuta wa bwawa, kutoka mlima mmoja mpaka wa pili, hatua mia mbili na kumi na nne, na upana wake ni wa watu wawili wanaopishana kwa kugeuza mabega. Juu yake zege, chini yake zege, mkono wa kushoto zege na nyuma ya zege hilo ziwa zima limeegemea. Taa zilikuwa za manjano na haziku­zimwa. Harufu ilikuwa ya mtungi mpya uliotiwa maji kwa mara ya kwanza. Alikuwa na kitanda cha kukunja, jiko dogo la umeme, ndoo mbili, simu ya ukutani, daftari lenye jalada gumu, na kijiko kimoja cha chuma alichokitumia kwa kula na kwa kukwangua.

Kukwangua nini? Chokaa. Chokaa hai, kama walivyoiita mafundi. Ilikuwa ni vijidudu vidogo kuliko vumbi la unga, vilivyopulizwa ndani ya nyufa kwa mipira myembamba. Vikikuta maji vinakunywa, vikishiba vinatema jiwe. Hivyo ndivyo kuta kuukuu zilivyokarabatiwa siku hizo: huwekei kiraka, unaupa ukuta dawa unajiponya wenyewe kama mfupa uliovunjika. Ukitulia kabisa ungevisikia vikila, sauti kama ya mtu anayepepeta mchele nyumba ya tatu. Ila vijidudu havichagui. Vilianza kuota kwenye bawaba za mlango wa ujia, vikaota kwenye kingo za tundu la chakula, na Nyemo kila asubuhi akavikwangua kwa kijiko, na kila asubuhi akavikuta vimerudi.

Kazi yake kubwa ilikuwa kupima michirizi. Ukuta wa Nkenzi ulikuwa umevuja kwa miaka arobaini, na maji ya kila ufa yalikusanywa kwenye mfereji wake sakafuni, yakapita juu ya bati lililokatwa pembe, kisha yakatoka nje upande wa bondeni. Michirizi ilikuwa saba. Unaweka rula kwenye pembe ya bati, unasoma kimo cha maji, unaangalia jedwali, unajua ni lita ngapi kwa sekunde. Sita ilikuwa midogo, ikakauka wiki ya kwanza. Namba saba ndiyo ilikuwa baba yao. Siku Nyemo anaingia ilikuwa inatoa lita thelathini na moja kila sekunde, ikinguruma kama mashine ya kusaga. Siku ya ishirini ikawa lita kumi na nane. Siku ya thelathini na sita asubuhi alisoma lita sita, akaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri: *Inapona vizuri.*

Mchana wake, saa sita, tundu la chakula likagongwa.

"Hodi humo ndani! Mwali wangu hajambo?"

Huyo alikuwa Bibi Sechelela. Kijiji chao, Machirizini, kilikuwa karibu kabisa na ukuta, chini yake upande wa bondeni, na kampuni ya ukarabati ilimpa kazi ya kupitisha maboksi ya chakula kikavu kwenye tundu kila siku. Tundu lilikuwa refu kama mkono, kipenyo chake kama cha sahani siku ya kwanza, na sasa kama cha bakuli. Nyemo hakuwahi kumwona uso ndani ya siku hizo zote. Alimjua kwa sauti, na kwa vidole vilivyokuwa vimepinda kidogo na kuwa na udongo kwenye kucha.

"Sijambo, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umenenepa? Mwali asiponenepa ndani, watu wa nje wanasema kapewa makapi."

"Nanenepea wapi na biskuti hizi, Bibi?"

"Aka! Basi ukitoka tutasema umeugua." Bibi Sechelela akacheka. Boksi likaja nusu, likasimama katikati ya tundu. "Mwanangu, nikuulize kitu kidogo?"

"Uliza, Bibi."

"Maji yanaumwa?"

"Maji yapi?"

"Haya yetu, yanayotoka hapa kwenu. Zamani nikiweka ndoo, naimba wimbo mmoja wa kutwangia, sijaumaliza ndoo imejaa. Juzi nimeimba nyimbo mbili. Leo nimeimba nne, na ya nne nimeirudia."

Nyemo alikuwa ameshika ncha ya boksi. Hakulivuta.

"Mnachota hapo, Bibi? Siyo mtoni?"

"Mto gani, mwanangu? Mto ulikufa siku walipoujenga ukuta. Ukuta ulipopata ufa, maji yakarudi. Mama yangu ndiye aliyeyaona kwanza, akaja na mbegu za magimbi kwenye khanga. Leo yapo magimbi, upo mpunga, wapo kambale wa kukaanga, matete ya mikeka, udongo wa vyungu. Tumezaliana hapo. Kaya mia na tatu."

"Kaya mia na tatu!" Nyemo akainama mdomo ukawa karibu na tundu. "Bibi, mbona siku ile ya mkutano hamkusema? Nilikuja mimi mwenyewe, mwaka jana. Niliwauliza mbele ya watu sitini na nne: mna neno lolote kuhusu ukarabati wa ukuta? Mkasema hamna neno."

Boksi likasukumwa mpaka mwisho.

"Kula, mwali," alisema Bibi Sechelela kwa upole, upole wa mtu anayefunga mlango taratibu usilie. "Sisi hatuna neno." Na nyayo zake zikaondoka.

*

Ripoti yenyewe ilikuwa imelala chini ya mto wake wa kulalia, kurasa mia tatu na themanini: *Tathmini ya Athari kwa Mazingira na Jamii, Ukarabati wa Ukuta wa Nkenzi*, na sahihi yake kwenye ukurasa wa mwisho. Kwa sahihi hiyo ndiyo alikuwa humu. Zamani tathmini kama hizo ziliandikwa na watu waliolala mbali. Ukuta mmoja ukapasuka huko magharibi, ukabeba tarafa nzima, na aliyetia sahihi alizipata habari akiwa mezani anapaka mkate siagi. Bunge likatunga Sheria ya Kulala Ukutani: mwenye sahihi atakaa ndani ya ukuta siku arobaini, tangu chokaa inapopulizwa mpaka inapomaliza. Kama tathmini ina uongo, uongo uanze na yeye.

Mwisho wa ujia palikuwa na sahani ya shaba iliyopachikwa ukutani, kubwa kama chapati. Waliiita Sikio. Sikio lilijua sauti yake peke yake na maneno mawili tu. Akisema "Nimeridhika," mlango unafunguliwa na chokaa inaachwa imalize kazi. Akisema "Sijaridhika," maji ya baridi yanapitishwa kwenye mipira, chokaa inalala, na hesabu inaanza upya, siku arobaini nyingine, ili tathmini ifanywe tena. Naye hatoki, maana kazi isiyokwisha haina mwenyewe wa kutoka nayo. Na akinyamaza mpaka saa tatu asubuhi ya siku ya arobaini, ukimya wake unahesabiwa kuwa ameridhika.

Tangu sheria itungwe, neno la pili halijasemwa na mtu yeyote.

Nyemo alifungua ukurasa wa mia moja na tisini. Alisoma maandishi yake kama anasoma ya mtu mwingine. *Mchirizi Na. 7: upotevu wa maji, lita 31 kwa sekunde. Hatua: kuziba.* Akafungua wa mia mbili na sita. *Chini ya ukuta: pori, hakuna makazi ya kudumu.* Hiyo alikuwa ameinakili kutoka kwenye tathmini ya kwanza kabisa, ile ya wakati ukuta unajengwa, miaka hamsini na minane iliyopita. Kila mtu ofisini alisema, ya nini kuanza upya? Bwawa ni lile lile. Hatujengi, tunakarabati. Naye alikubali, kwa sababu lilikuwa jambo la kukubalika. Chini yake mstari mmoja: *Mkutano na wakazi wa muda, Machirizini. Waliohudhuria 64. Pingamizi: hakuna.*

Akaikumbuka siku ile. Vumbi. Gari mbili zimeegeshwa nyuma ya mabanda. Wali na kuku kwenye maboksi ya karatasi waliyoyabeba kutoka mjini Malendi, wakayala ndani ya gari wamepandisha vioo. Aliona moshi nyuma ya nyumba moja, chungu kikubwa juu ya mafiga, na wanawake watatu wamesimama kando yake na mikono mitupu. Akadhani wana sherehe yao. Saa nane mkutano, saa tisa wakaondoka, ili wawahi barabara.

Miaka arobaini ukuta umevuja, aliwaza. Na kinachovuja miaka arobaini, watu watakuwa wamekipanda mbegu. Bwawa siyo lile lile. Angeliandika jambo hilo dogo mahali pake, Bibi Sechelela asingeurudia wimbo wa nne.

Ukuta ulikuwa na baridi, na zile hatua mia mbili na kumi na nne zilikuwa zimeanza kupungua. Siyo kwa hesabu. Kwa kifua.

*

"Lita sita!" Mhandisi Chidosa alifurahi kwenye simu siku iliyofuata. Yeye ndiye aliyesimamia ukarabati, na ofisi yake ilikuwa kileleni mwa ukuta, mita arobaini juu ya kichwa cha Nyemo, penye jua. "Mama Nyemo, umetuletea baraka. Siku tatu zimebaki. Nimekwisha kuagiza mbuzi wa kukupokelea."

"Mhandisi, Machirizini wanaishi kwa ule mchirizi."

"Wanaishi kwa nini?"

Akamweleza. Kaya mia na tatu, mpunga, kambale, nyimbo za Bibi Sechelela. Chidosa alisikiliza mpaka mwisho; hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

"Nisikilize, mama yangu," alisema. "Malendi kuna watu elfu arobaini. Mama mkwe wangu anaamka saa kumi alfajiri kupanga ndoo, na ana miaka sabini na sita. Ziwa hili likijaa, wanapata maji. Halitajaa na ukuta unavuja. Halafu masika hayo, wiki tatu tu zimebaki. Ukuta uliopona nusu, mvua ikiujia, sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kama utahimili. Huenda ukahimili. Nasema huenda. Na wewe utakuwa ndani yake."

"Uache ufa namba saba peke yake. Ziba nyingine zote, uache huo."

"Chokaa haiachi. Ili iache lazima niipangie: niache wapi, upana gani, maji kiasi gani mwezi gani, yanakwenda shamba la nani. Hayo nayapata wapi? Yanatoka kwenye tathmini. Na tathmini yako inasema ni pori." Hakusema kwa ukali. "Tutawawekea mabomba. Manne. Naahidi, niandikie barua nitie sahihi leo. Sema neno lako, utoke, uoge, ule mbuzi."

Nyemo akaweka simu chini. Mabomba manne. Moyo wake ulipata nafasi kidogo, kama mtu aliyelegeza mkanda. Bomba ni kitu kizuri. Nani asiyetaka bomba? Akakwangua mlango. Chokaa ilikuwa imefika kwenye kitasa.

Saa sita tundu likagongwa, na hakungoja salamu.

"Bibi, usiondoke. Niambie kweli. Kwa nini siku ile hamkusema?"

Bibi Sechelela alipojibu, sauti yake ilikuwa na aibu kidogo, siyo aibu yake, aibu aliyomwonea Nyemo.

"Hukula, mwanangu."

"Sikula?"

"Tulipika. Nyumba tatu tulichanga. Mgeni hatwikwi mzigo na njaa yake. Kwetu mtu ambaye hajala kwako humwambii shida yako, wala humkatalii neno lake. Unamwambia ndiyo, asante, hatuna neno, unamsindikiza. Akila mara moja, ni mgeni. Akila mara mbili, ni jirani. Mara ya tatu ndiyo unaweza kumwambia: hapa umetukosea. Nyinyi mlikula garini. Tukasema hawa hawataki kujua."

Nyemo akaliegemea zege. Aliwahi kusomea kazi hii miaka minne, akaifanya ishirini na sita. Alijua kupima maji kwa bati lililokatwa pembe. Hakujua hilo.

"Basi nipikie, Bibi," alisema. "Nitakula."

"Siku tatu, nyumba tatu. Kesho kwangu. Kesho kutwa kwa Mzee Madinda. Mtondo kwa akina Mbeleje."

Nyemo akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Leo thelathini na saba. "Mlo wa tatu utaangukia saa sita mchana siku ya arobaini. Sikio linafunga saa tatu asubuhi. Bibi, nipe yote kesho. Asubuhi, mchana, jioni."

"Mtu anakula mara tatu kwa siku kwao, hata kwenye hoteli," alisema Bibi Sechelela. "Siku ndizo zinazohesabiwa, siyo matonge."

"Siku zangu zinaisha!"

"Na zetu, mwali. Leo nimeimba nyimbo sita."

*

Chungu hakikupita tundu. Bibi Sechelela aliukata ugali wa uwele matonge, akayaviringisha kwenye jani moja moja, akayapitisha kwa vidole vyake vilivyopinda, na mlenda akauleta kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba. Nyemo alikula chini, miguu yake pande mbili za mfereji wa namba saba, ambao sasa ulikuwa na maji ya kulowesha nyayo tu. Mlenda ulikuwa na karanga. Alikula mpaka akalamba jani. Zile siku za biskuti zilimjia machoni kwa pamoja, akalia kidogo na akala.

"Umetia chumvi kidogo, Bibi."

"Ohoo! Mwali anajua kuteta. Vizuri. Sasa wewe ni mgeni."

Siku ya thelathini na tisa ilikuwa kambale, kutoka nyumba ya Mzee Madinda, vipande vidogo vimechomwa majivuni. Mzee mwenyewe alikuja tunduni pamoja na Bibi Sechelela, akakohoa, akasema kambale huyo ni wa mwisho kwenye dimbwi lake, hao wengine wameanza kujichimbia topeni kama wanavyofanya kiangazi kikali. Akasema kana kwamba anatoa habari za mtu wa mbali. Nyemo akawaeleza habari ya mabomba. Manne, alisema. Karibu na nyumba. Ya chuma, yenye koki za kung'aa, na mhandisi ameahidi kutia sahihi barua.

Alisubiri wapige vigelegele. Alisikia mtu anatafuna.

"Bibi? Mnayataka?"

"Mbili siyo tatu," alisema Bibi Sechelela.

Nyemo hakukaa vizuri baada ya hapo. Alitembea ujia kwenda na kurudi, bega moja likigusa zege. Tundu lilikuwa limebaki la ukubwa wa kikombe. Mlango alikuwa ameacha kuukwangua, au labda hakutaka kuona umefika wapi. Alijiambia: wanataka bomba, wana adabu tu. Alijiambia: watu elfu arobaini. Akajiambia: nikitoka nitawapigania nikiwa nje, nje ndipo penye nguvu. Maneno hayo yote yalikuwa mazuri, na kila moja, alipoligeuza, aliona limesimama na uso umeelekea mlangoni. Waliotunga sheria walidhani mtu akifungwa atakuwa mkweli. Hawakukumbuka kwamba mtu akifungwa anataka kutoka.

*

Siku ya arobaini, saa mbili na robo asubuhi, Chidosa alipiga simu.

"Hata usiseme kitu kama hutaki," alisema kwa upole. "Kaa tu kitandani. Saa tatu Sikio litahesabu lenyewe. Mimi niko mlangoni na mafundi wangu na nyundo. Nimekuletea na miwani ya jua, macho yatakuuma."

Kupitia zege alisikia kweli watu wanacheka nyuma ya mlango, sauti nene, karibu. Alisikia kitasa kinajaribiwa. Arobaini. Hatua ishirini kutoka kitandani mpaka kwenye mlango ule, na nyuma yake ngazi, na juu ya ngazi jua.

"Mhandisi, mlo wa tatu ni saa sita. Nisogezee saa."

"Ningeweza ningesogeza. Saa ni ya sheria."

"Sijaambiwa wanataka nini."

"Ndiyo nakushangaa. Unataka kukaa siku arobaini nyingine, na masika yanakuja, kwa jambo ambalo hujaambiwa? Je, wakikuambia wanataka bomba?"

"Nitakuwa mjinga mkubwa," alisema Nyemo.

"Mama. Usifanye."

"Niliwaandikia *hakuna* kwa sababu walinyamaza. Sasa na mimi ninyamaze, mniandikie hivyo hivyo?"

Akaiacha simu ikining'inia kwenye waya wake. Sikio lilikuwa upande ule mwingine, hatua mia mbili kasoro kidogo, na kila hatua ilimpeleka mbali na mlango. Alipofika aliona sura yake kwenye shaba, imevimba, nywele zimeingia unga mweupe. Saa iliyokuwa juu yake ilisema tatu kasoro dakika nne. Aliwaza juu ya mama mkwe wa Chidosa na ndoo zake, mwanamke ambaye hakumkosea lolote, na akajua anamwongezea siku arobaini za kuamka saa kumi. Hilo nalo lilikuwa kweli. Hakulifukuza.

"Sijaridhika," alisema.

Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu ndani ya zege pande zote mipira ilijaa kwa kishindo, na baridi ikapita kwenye ukuta kama homa. Ile sauti ya kupepeta mchele ikapungua, ikawa punje moja moja, ikaacha. Nyemo alikuwa ameizoea hata hakujua kwamba alikuwa akiisikia. Ukimya ule ulimpiga masikioni. Nyuma ya mlango wale watu waliacha kucheka. Mtu mmoja alipiga zege kwa ngumi, mara moja, kisha nyayo zikapanda ngazi. Juu ya Sikio tarakimu za taa zikabadilika. Ziliandika: *Siku ya 1.*

Alirudi kwenye kitanda chake akakaa. Hakulia. Aliangalia mlango ukiwa umekuwa jiwe moja na ukuta, akahisi dari linashuka, akaweka viganja vyake juu ya kichwa kana kwamba anaweza kulizuia. Alikaa hivyo mpaka tundu likagongwa.

"Hodi humo ndani."

Hakusema mwali. Na nyuma yake hakuwa peke yake. Nyemo alisikia miguu mingi, majani makavu yakikatika, mtoto akinyamazishwa, mtu akishusha beseni.

"Karibuni," alisema Nyemo kwa sauti iliyokwaruza.

"Tumeona watu wa mlangoni wanaondoka bila wewe. Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimebaki."

Nje watu walinong'onezana, neno likipita kutoka huyu kwenda kwa yule. Kisha vidole vilivyopinda vikaingia, na gimbi lililochemshwa likafika, moto, limemenywa nusu. Lilitoka nyumba ya akina Mbeleje. Nyemo alilila lote. Waliusikiliza mlo wake kama watu wanaosikiliza mvua inakuja. Alipomaliza akajifuta mkono kwenye gauni, akalivuta daftari, akalifungua ukurasa mpya.

"Nimemaliza, Bibi. Leo ni ya tatu. Nimekosea, najua. Nambieni mnataka nini, niandike kama mtakavyosema. Kama ni bomba niandike bomba."

Bibi Sechelela alikuwa amesogea karibu sana na tundu. Nyemo aliona jicho moja, jeusi, lenye ukungu wa uzee pembeni. Siku arobaini, na ndiyo kwanza kumwona. Jicho lilimtazama kwa muda, likapepesa.

"Bomba lina koki," alisema bibi kizee yule polepole, kama mtu anayelitoa jambo ambalo limekaa kifuani mpaka limeota mizizi. "Koki ina mkono wa mtu. Mkono huo ukikasirika, ukisahau, ukihamishwa kazi, sisi tunalala na kiu. Mimi kila kitu nilichonacho nimekiomba kwa mtu. Shamba niliomba. Dawa niliomba. Kumzika mume wangu, niliomba kibali. Maji tu ndiyo sikuyaomba, niliamka nikayakuta. Andika, mwanangu. Upunguze ukitaka, watu wa mjini nao wana koo, tugawane. Ila uache pale pale yanapotokea, yatoke yenyewe. Nataka maji ambayo hakuna mtu wa kuyafungulia."